Kipimo Hiki Baba Yake Nani?



Mama akienda sokoni kununua mahindi, kabla hajatoa pesa yake huichukua ile gorogoro akaipindua na kuitazama chini. Anatafuta nini? Anatafuta kama kitako cha mkebe kimegongwa kikaingia ndani. Akikiona kimeingia, huiweka chini akaenda kwa mwuzaji mwingine, na maneno yake njiani twayajua sote. Mama huyo hakufundishwa habari ya vipimo chuoni. Lakini ajua jambo moja ambalo sisi wafanya kazi, pamoja na vyeti vyetu vya ufundi, hulisahau kila tuingiapo mlangoni mwa kiwanda: ya kwamba kipimo nacho hupimwa.

Kazini mambo ni kinyume. Mizani ikisema kilo 18, twakubali ni kilo 18. Mkaguzi akisema kazi yako imezidi, twakubali imezidi. Mshale wa geji ya boila ukisimama mahali pa kijani, twakaa karibu na boila twanywa chai. Kwa nini? Kwa sababu pana kibandiko kilichoandikwa "Imepimwa", na tarehe, na sahihi ambayo hakuna awezaye kuisoma. Leo nataka kusema juu ya kibandiko hicho, maana kimekula mishahara ya watu huku sisi tumenyamaza.

Najua wako wanachama watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wahandisi na mameneja, na kwamba kazi ya chama ni mshahara, likizo na nyumba. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka yaliponipata.

Mwaka 2017 nilikuwa mwakilishi wa wafanya kazi katika karakana moja hapa Nairobi, ambayo sitaitaja jina. Palikuwa na kijana, fundi wa kukereza vyuma, mtu wa mikono mizuri. Alipewa kazi ya kukereza pini 40, unene wake milimita 60 kamili, na ruhusa ya kupungua sehemu 2 katika 100 za milimita, si zaidi, na kuzidi hapana kabisa. Akazikereza, akazipima kwa maikromita yake mwenyewe, akaona ni sawa. Mkaguzi akazipima kwa maikromita ya ofisi, akazirudisha: zimezidi kwa sehemu 3 katika 100. Kijana akabisha. Akaambiwa, "Maikromita ya ofisi ina kibandiko, yako haina." Basi akazirudisha pini zote 40 mashinini, akazipunguza mpaka maikromita ya ofisi ikaridhika.

Baada ya majuma matatu pini zikarudi kutoka kwa mnunuzi. Zilikuwa zikicheza katika matundu yake. Safari hii kijana akapewa barua ya onyo kwa kazi mbovu, na bei ya chuma ikaanza kukatwa kidogo kidogo katika mshahara wake. (Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu mshahara kukatwa kwa ajili ya hasara ya mali isipokuwa hasara hiyo imetokana na kosa la kusudi la mfanya kazi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Alipoleta barua kwangu nilikwenda kwa mkaguzi, mtu mwema tu, wala simlaumu sana. Nikamwuliza maikromita ile huisahihisha kwa kitu gani. Akanionyesha ufito wa chuma wa milimita 50 uliokuwamo sandukuni. Wasiojua kazi yetu wafahamu kwamba maikromita ya milimita 50 hadi 75 haiwezi kufungwa mpaka sifuri. Hushikishwa ufito ambao urefu wake unajulikana, na hapo ndipo husahihishwa. Nikamwuliza, "Na ufito huu mwaupima kwa nini?" Akajibu bila kufikiri, "Kwa maikromita hii hii." Halafu akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nadhani sote wawili tulikuwa tunalisikia jambo lile kwa mara ya kwanza.

Maikromita shahidi wake ufito, na ufito shahidi wake maikromita! Ni kama watu wawili walioshikwa na mali ya wizi, kila mmoja akajitolea kumdhamini mwenziwe. Hapana budi wapatane. Kila mwezi walipatana, na kila mwezi kibandiko kipya kikabandikwa juu ya cha zamani.

Tulisukumana na ofisi majuma sita ndipo ufito ukapelekwa kwenye maabara yenye ithibati. Cheti kikarudi: urefu wake si milimita 50, ni milimita 49.97. Baadaye karani wa stoo akakumbuka kwamba ufito ulishika kutu wakati wa mvua, naye akausugua kwa msasa ili ung'ae. Alidhani anafanya usafi. Basi hesabu ni hii. Maikromita ya ofisi ilikuwa ikisoma zaidi ya kweli kwa sehemu 3 katika 100. Pini za kwanza zilikuwa sawasawa kabisa. Zilizoharibika ni zile zilizopunguzwa, na zilipunguzwa kwa amri ya ofisi.

Barua ya onyo ikafutwa. Pesa zilizokatwa zikarudi nusu. Nusu nyingine mpaka leo ni maneno. Lakini lililonikaa rohoni si hilo. Ufito ule ulikuwa umesuguliwa mvua mbili kabla ya kisa hiki. Katika muda huo watu wangapi walirudishiwa kazi zao bure? Na wangapi walipoteza bonasi? Nilipouliza nikaambiwa mambo ya kale yamekwisha.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kulinganisha kipimo na kipimo kingine kilicho bora zaidi, na kuandika tofauti iliyoonekana, mafundi huita kalibresheni. Neno hili twalisikia kila siku. Lakini angalieni: karakana yetu ilikuwa ikifanya kalibresheni kila mwezi, na kitabu kilijazwa vizuri, na mistari ilipigwa kwa rula! Kilichokosekana ni nasaba. Mtu wa pwani akijitambulisha hukutajia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, mpaka afike mahali ambapo wazee wote wanapajua. Kipimo nacho lazima kiwe hivyo. Kipimo cha karakana kilipimwa kwa kipi? Hicho nacho kilipimwa wapi, lini, na kwa kipi? Na hicho je? Mlolongo huo uende juu, kila hatua ikiwa na karatasi yake, bila pengo hata moja, mpaka ufike kwenye kipimo cha taifa na cha mataifa yote. Pakiwa na pengo moja tu katikati, walio chini ya pengo hilo wote ni watoto wasio na baba, hata wakivaa vibandiko kumi.

Chukueni mfano wa jiwe la chuma la kilo 20 ambalo mkaguzi wa mizani huja nalo. Jiwe zuri la kazi hiyo, daraja iitwayo M1 katika kanuni za kimataifa, haliruhusiwi kukosea zaidi ya gramu 1. Jiwe lililolipima jiwe hilo ni la daraja ya juu zaidi, F2, ambalo haliruhusiwi kukosea zaidi ya sehemu 3 za kumi za gramu. Juu yake liko F1, lenye ruhusa ya sehemu moja ya kumi, na juu yake tena E2, lenye ruhusa ya sehemu 3 za mia. Mwaona mpango wake: kila mzazi ni bora kuliko mwanawe kwa mara tatu hivi. Hakuna kipimo kinachoweza kumsahihisha aliye sawa naye. Katika karakana yetu vipimo viwili vilivyo sawa vilikuwa vikisahihishana.

Tena kila hatua ya mlolongo ina shaka yake. Hakuna mtu awezaye kupima bila shaka yoyote, hata awe na mitambo ya namna gani. Mpimaji mwaminifu huandika: urefu ni huu, na shaka yangu ni kiasi hiki, juu au chini. Shaka za hatua zote hujumlishwa kwa hesabu maalum mpaka chini kabisa. Cheti kisichotaja shaka yake ni cheti cha kujisifu tu, kama mtu asemaye hajapata kukosea maishani mwake.

Hapa Kenya vipimo vya juu vya taifa vinatunzwa na lile Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa ambalo wengi hulijua kwa jina la KEBS, lililoanza kazi mwaka 1974. Juu yake iko ofisi ya kimataifa ya vipimo, iliyoko Sèvres karibu na mji wa Paris, ambayo ilianzishwa kwa Mapatano ya Mita ya mwaka 1875. Kenya ni mmoja wa wanachama wa mapatano hayo. Huko Sèvres ndiko kilikokaa kipande cha platini na iridi ambacho tangu mwaka 1889 ndicho kilichokuwa kilo ya dunia nzima. Kilifungiwa chini ya ardhi, na mlango wake haukufunguka ila kwa funguo 3 zilizoshikwa na watu 3 mbalimbali. Na hata hivyo, kilipolinganishwa na nakala zake, ilionekana kwamba katika muda wa miaka mia hivi wameachana kwa kiasi kama cha mikrogramu 50, yaani chini ya uzito wa chembe moja ya chumvi. Nani aliyebadilika, yeye au nakala? Hakuna aliyeweza kusema. Wataalamu hawakuficha jambo hilo. Walilitangaza, wakabishana miaka mingi, na kuanzia tarehe 20 Mei 1919 + 100, yaani mwaka 2019, kilo haitegemei tena kipande cha chuma. Inategemea namba moja ya maumbile isiyobadilika, ambayo huitwa namba ya Planck.

Nawaomba mlifikirie hilo, ndugu zangu. Mkubwa wa vipimo vyote, aliyekaa chini ya funguo tatu, alihojiwa hadharani. Sembuse ufito ulio katika sanduku la stoo, na karani ana msasa mkononi?

Wenzetu wa mashamba ya chai wasidhani habari hii ni ya watu wa karakana tu. Mchumaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo kwake mizani ndiyo mshahara wenyewe. Tuseme mizani ya mahali fulani inapunguza gramu 200 kila ipimapo. Gramu 200 ni kitu gani? Ni majani ya kujaza kofia. Lakini mchumaji akipimiwa mara 3 kwa siku, siku 25, amepoteza kilo 15 kwa mwezi. Wachumaji 100 wamepoteza kilo 1,500, yaani tani moja na nusu ya majani ambayo yamechumwa, yamebebwa mgongoni, yameingia kiwandani, na hayakulipwa. Na hakuna mtu aliyeiba! Meneja aweza kula kiapo kwamba hajui lolote, na akawa anasema kweli.

Siku hizi mizani nyingi ni za umeme, zenye namba nyekundu. Watu huziamini kuliko zile za zamani za mkono, kwa sababu namba zinang'aa na zina nukta ndani yake. Nukta si ushahidi. Tena mizani hizi zina jambo ambalo wengi hawalijui. Mizani ya zamani ya vitanga viwili ililinganisha mzigo na jiwe, na mvuto wa dunia ukawavuta wote sawasawa, kwa hiyo popote ulipokwenda nayo jibu lilikuwa lile lile. Mizani ya umeme hailinganishi na jiwe. Inapima jinsi mzigo unavyokandamiza chuma kilicho ndani yake, nao mvuto wa dunia si sawa kila mahali. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta na juu milimani, mvuto ni mdogo kuliko Ulaya. Mizani iliyosahihishwa huko Paris, ikaletwa nyanda za juu za Kenya bila kusahihishwa tena, itausoma mzigo wa kilo 20 pungufu kwa gramu 70 hivi. Mizani ni nzima, haijaharibika, na cheti chake cha kiwandani ni cha kweli. Lakini ni cheti cha huko. Na ona upande unaoumia: si upande wa tajiri.

Ndiyo maana wataalamu husema kwamba nasaba si ya chombo, ni ya jibu. Si kwamba mizani hii ina baba. Ni kwamba jibu hili, la mizani hii, mahali hapa, siku hii, laweza kufuatwa mpaka juu. Chombo kikianguka sakafuni leo saa nne, cheti chake cha jana hakitasema neno juu ya jibu la saa tano.

Nimeona pia mahali ambapo karani huweka juu ya mizani mfuko wa sukari au wa mbolea, ikisoma kama ilivyoandikwa mfukoni, akasema iko sawa. Ni afadhali kuliko kutofanya lolote, maana kosa kubwa litaonekana. Lakini mfuko huo ulijazwa kwa mizani ya kiwanda kingine, na mizani hiyo nasaba yake iko wapi? Na mfuko wa mbolea ukikaa stoo hunywa unyevu.

Katika upande wa afya na uhai nitasema machache. Geji ya boila ikirudi sifuri boila likiwa baridi, watu huridhika. Kurudi sifuri si ushahidi kwamba itasema kweli presha ikiwa juu, na juu ndiko kunakoua. Tena iko habari ya kelele. Kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini hazitaki mfanya kazi apate zaidi ya desibeli 90 kwa wastani wa saa 8. Tajiri huleta mtu na chombo, chombo chasoma 89, karatasi yatiwa sahihi, na maombi ya vizuia masikio yatupwa. Lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti iingiayo sikioni imekuwa mara mbili. Basi chombo kinachopunguza desibeli 3 tu kimeandika 89 mahali penye 92, na sikio la mtu limebeba mzigo maradufu kwa miaka. Chombo hicho kina kifaa kidogo cha kukijaribu kabla ya kupima na baada yake, ambacho hutoa sauti moja inayojulikana. Mwulizeni mpimaji kama amekuja nacho, na kifaa chenyewe kilipimwa wapi mara ya mwisho. Mkimwona anacheka, mjue jibu.

Waajiri wana majibu mawili. La kwanza ni gharama. Sikatai kwamba kupeleka vyombo maabara ni gharama. Lakini wanapofunga mkataba na mnunuzi wa ng'ambo, vyeti hivyo hupatikana upesi sana, na vyenye nasaba kamili, kwa sababu mnunuzi hakubali vingine. Basi gharama si tatizo. Tatizo ni nani anayeuliza. La pili ni kwamba kampuni ina cheti cha ISO 9001 kimetundikwa ukutani, kwa hiyo mambo yote yako sawa. Vizuri! Kanuni hiyo, ya mwaka 2015, inataka kwamba mahali ambapo nasaba ya kipimo inatakiwa, vyombo vilinganishwe na vipimo vinavyofuatika mpaka vya taifa au vya mataifa. Na inaongeza jambo ambalo natamani kila mwakilishi alikariri: chombo kikigunduliwa kuwa kibovu, kampuni yapaswa kuangalia kama majibu yake ya nyuma nayo yaliharibika, na kuchukua hatua. Ya nyuma, ndugu zangu! Mambo ya kale hayajakwisha.

Hapa pana mtego, na nimewaona wawakilishi wazuri wakiingia ndani yake. Chombo kikipelekwa kupimwa, mpimaji aweza kukirekebisha kwanza, halafu akaandika kwamba kiko sawa. Cheti kitakuwa cha kweli, lakini ushahidi wa miezi iliyopita umefutwa. Lazima aandike kwanza chombo kilivyokutwa, kabla hajagusa skrubu yoyote, kisha aandike kilivyoachwa. Mstari wa "kilivyokutwa" ndio wenye mshahara wa watu. Cheti kisicho na mstari huo ni kizuri kwa kesho, ila kwa jana hakifai kitu.

Mwakilishi akionyeshwa cheti asitazame muhuri kwanza. Atazame namba ya chombo, kama ndiyo iliyochongwa juu ya chombo chenyewe. Mara nyingi siyo. Atazame tarehe, na shaka, na namba ya kipimo kilichotumiwa kulinganisha. Halafu atazame kama maabara ina ithibati ya KENAS au ya mwingine anayetambuliwa, na kama ithibati hiyo ni ya kazi ile hasa. Maabara yaweza kuwa na ithibati ya kupima mawe ya mizani, isiwe na ithibati ya kupima presha. Ule muhuri wa mkaguzi wa mizani wa serikali nao ni kitu cha maana, unasema kwamba mizani imekubaliwa kwa biashara. Hauna namba za makosa, kwa hiyo haujibu maswali haya yote, lakini mizani isiyokuwa nao kabisa msiipandishie hata kikapu kimoja.

Sasa nitasema ya kwetu wenyewe, na atakayekasirika akasirike. Nimemwona fundi akigonga boliti kwa spana ya kupimia nguvu, kama nyundo, halafu akaitumia spana hiyo hiyo kukaza magurudumu ya lori. Nimemwona mwingine akiangusha maikromita, akaiokota, akatazama kushoto na kulia, akairudisha sandukuni. Na huko mashambani wako wanaotia maji katika majani, au jiwe chini ya kikapu, wakidhani wanarudisha walichoibiwa. Hao wanampa tajiri sababu ya kukataa mizani isikaguliwe na watu wawili. Yule aliyeangusha maikromita namwelewa, kwa sababu alijua akisema atalipishwa. Basi tukubaliane na waajiri jambo moja: atoaye habari ya chombo kilichoanguka siku ile ile asiadhibiwe. Bila hilo kila mtu ataficha, na hakuna kibandiko kitakachotuokoa.

Maoni yangu ni kwamba katika mapatano yajayo kila tawi lidai kifungu kifupi. Kiseme kwamba hakuna mfanya kazi atakayeandikiwa onyo, kukatwa pesa, wala kulipwa kwa uzito au idadi, kwa jibu la chombo ambacho nasaba yake haikuonyeshwa. Kwamba mwakilishi ana haki ya kuona vyeti na kupewa nakala. Na kwamba chombo kikikutwa kibovu, malipo na adhabu zitatazamwa upya tangu siku kilipokuwa kizima mara ya mwisho. Hilo la tatu watalipigania sana, kwa hiyo tusilitoe mapema kwa kupata vikombe na sare. Mahali ambapo mapatano bado, tusikae bure. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na habari ya geji za boila na vyombo vya kelele na vya gesi ni kazi ya kamati hiyo kabisa. Mjumbe aweza kuanza Jumatatu. Achague chombo kimoja tu, kile chenye kibandiko kizuri kuliko vyote, aulize kilipimwa kwa nini; akijibiwa, aulize na hicho kilipimwa kwa nini. Swali la tatu kwa kawaida halihitajiki.

Ufito ule wa milimita 49.97 ofisi ilitaka kuutupa. Niliuomba, nikapewa. Uko katika droo ya meza ya tawi letu, umefungwa katika karatasi pamoja na cheti chake. Mwakilishi anayetaka kuuonyesha kwa watu wake aje auazime, ila aurudishe, wala asiusugue.

Fundi Mkereza